Ngazi ya Nyumbani: Mbao au Zulia?

Baadhi ya wenzangu tuliosoma pamoja sasa wanajenga nyumba za ghorofa, nao huniuliza: ngazi iachwe mbao tupu au itandikwe zulia?

Hapa Jinja ngazi yetu ni ya mvule. Mke wangu alitaka zulia, mimi nilikataa. Mvule ni mgumu, mchwa hawauli, na tope la mvua hufutwa kwa kitambaa. Zulia hushika vumbi, tena huchakaa upesi pale mguu unapokanyaga kila siku. Lakini mimi nilipenda kupaka nta mpaka vidato ving'ae. Asubuhi moja Mama alishuka amevaa soksi, akateleza vidato vitatu. Hakuvunjika, Mungu asifiwe, ila wiki nzima alilala sebuleni kwa kuogopa kupanda.

Nikamwita seremala. Akanieleza kwamba zulia nene likitandikwa vidatoni tu, pasipo sakafu ya chini na ya juu, kidato cha kwanza huzidi kimo na cha mwisho hupungua. Mguu uliozoea kimo kimoja hujikwaa hapo. Tena zulia lililolegea ukingoni mwa kidato ni mtego mbaya kuliko nta.

Basi tulichagua zulia jembamba la manyoya mafupi, tukalivuta likakaza, tukalipigilia misumari katika pembe ya ndani ya kila kidato. Kandokando mvule unaonekana, na hapo mimi na mke wangu tulipatana. Nta nimeacha. Tuliongeza na kishikio ukutani, ambacho kwa kweli kingetangulia yote. Mama anapanda na kushuka, ila soksi amezikataa kabisa.