Kitabu cha Jirani Yetu ni Mtaji, si Zawadi

Katika jamii yetu mwandishi hupewa heshima kubwa na malipo madogo. Tunamwita mwalimu na kumketisha mbele katika hafla zetu, lakini anapotoa kitabu alichokigharimia mwenyewe, neno la kwanza tunalomwambia ni: "Nakala yangu iko wapi?" Makusudio yetu ni nakala ya bure. Ni vyema familia zetu zikafahamu ombi hilo linaigharimu nini nyumba ya mwandishi.

Tuchukue mfano. Mwandishi amechapa nakala 500, kila moja kwa shilingi 4,000. Amemlipa mchapaji shilingi 2,000,000 kabla ya kuuza hata nakala moja. Bei ya kitabu ni shilingi 10,000, na mwenye duka anachukua 3,000, zinambakia 7,000. Hana budi kuuza nakala 286 ili arudishe mtaji wake tu. Akiziuza zote 500, faida ni shilingi 1,500,000. Mauzo hayo yakichukua miaka miwili, pato lake ni shilingi 62,500 kwa mwezi, kabla ya kutoa nauli na ujira wa mhariri.

Sasa ndugu na marafiki 50 waombe kila mmoja nakala yake ya bure. Shilingi 350,000 zimeondoka, karibu robo ya faida yote. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Kila mmoja ameomba kitabu kimoja tu.

Hali hii si ngeni. Marehemu Shaaban Robert, aliyeingia Idara ya Forodha mwaka 1926, aliandika huku akiwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na baadhi ya vitabu vyake alivitoa kupitia shirika lake dogo la uchapishaji mjini Tanga. Baada yake Elvis Musiba, mtunzi wa Kufa na Kupona, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, naye alikuwa mfanyabiashara. Ben Mtobwa, aliyeanzisha Heko, alikuwa pia mwandishi wa habari. Kwa watu hao kalamu ilikuwa na kazi nyingine pembeni yake. Anayeacha ajira siku anayopeleka muswada kwa mchapaji anaibebesha familia yake mzigo ambao hata hao mashuhuri hawakuutegemea kitabu peke yake kuubeba.

Kwa hiyo nasaha ya kwanza tunaielekeza kwa waandishi. Mtaji wa kitabu usitoke katika ada ya watoto wala kodi ya nyumba, na mke au mume ashirikishwe kabla ya fedha kutoka. Mhariri alipwe kabla ya mchapaji, kwani kosa likishachapwa huwa limeingia katika nakala zote. Ni kweli kwamba kuchapa nakala nyingi hupunguza gharama ya kila moja, lakini unafuu huo hauna maana vitabu vikiliwa na mchwa chini ya kitanda. Ni salama zaidi kuanza na nakala chache, hata kwa bei ya juu kidogo, na kuongeza soko likishajulikana.

Asiye na mtaji asikimbilie mkopo wa riba. Fiqhi inatufungulia mlango wa mudharaba, ambapo mmoja hutoa fedha, mwingine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa kiwango walichokubaliana tangu mwanzo. Vitabu vinavyoachwa dukani kwa mali kauli navyo viandikiwe hati yenye idadi, bei na siku ya kulipana. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika madeni, na udugu hautuondolei amri hiyo.

Nasaha ya pili inatuhusu sisi wasomaji. Wapo wanaonunua nakala moja, wakaitoa fotokopi kwa darasa zima la madrasa, au wakaipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuisambaza katika simu, wakidhani kuwa elimu haina mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kwamba haki ya mtunzi ina thamani ya mali, inalindwa na sharia, na haijuzu kuivunja. Sheria ya nchi yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inailinda. Mwenye kutaka kueneza elimu na anunue nakala kumi azitoe wakfu. Hapo atapata thawabu, na mwandishi atapata haki yake.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tunaweza kumtengea mwandishi meza nje ya lango baada ya Sala ya Ijumaa, kwa kuwa ndani ya msikiti si mahali pa biashara. Madrasa zinaweza kuagiza vitabu vyake mapema na kulipa kwa wakati. Na aliye karibu naye zaidi, ndugu au jirani, awe wa kwanza kutoa shilingi 10,000 zake. Tukifanya hivyo, huenda mwandishi huyo akapata mtaji wa kitabu cha pili, na watoto wetu wakapata cha kusoma.

Wabillahi tawfiq.