Aina za Vimbunga, Namna Vinavyoundwa na Nafasi ya Pwani ya Afrika Mashariki

Neno kimbunga katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Hutumika kwa upepo wa ghafla unaoezua mapaa ya kijiji kimoja, na hutumika vilevile kwa mfumo wa hali ya hewa wenye upana wa mamia ya kilomita unaoweza kudumu baharini kwa majuma. Taaluma ya hali ya hewa hulitumia kwa maana ya pili, yaani mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa ambao pepo zake huzunguka kitovu kimoja, zikifuata mwelekeo wa mishale ya saa kusini mwa Ikweta na kinyume chake kaskazini. Kwa maana hiyo, chamchela haimo, wala tonado, ambayo huzaliwa na wingu moja la radi na kwa kawaida hudumu kwa dakika tu.

Vimbunga huweza kuainishwa kwa vigezo vingi, lakini kigezo chenye uzito zaidi ni chanzo cha nishati. Vimbunga vya latitudo za kati hupata nguvu kutokana na tofauti ya joto baina ya hewa baridi ya upande wa ncha za dunia na hewa ya joto ya upande wa tropiki. Hivi ndivyo viletavyo dhoruba za majira ya baridi barani Ulaya. Vimbunga vya tropiki hupata nguvu zake kutoka katika joto la bahari. Vipo pia vya nusu-tropiki, vinavyochanganya sifa za pande zote mbili. Harikeni ya Atlantiki na taifuni ya magharibi mwa Pasifiki si aina tofauti; ni majina ya kimahali ya kimbunga kilekile cha tropiki.

Ili kimbunga cha tropiki kiundwe, kwa kawaida bahari huhitaji joto lisilopungua nyuzi 26.5 za Selisiasi hivi, na joto hilo lifike kina cha takriban mita 50. Tabaka jembamba la maji ya moto halitoshi, kwa kuwa upepo wenyewe huyakoroga maji na kuleta juu yaliyo baridi. Hewa yenye mvuke hupanda na kupoa, mvuke hugeuka matone, na katika kugeuka huko hutoa joto lililokuwa limejificha ndani yake. Joto hilo huipasha hewa ya juu, mgandamizo karibu na uso wa bahari huzidi kushuka, na hewa nyingine hukimbilia hapo ikibeba mvuke mpya. Mzunguko huo hujilisha wenyewe mradi pepo za tabaka la chini na la juu zisitofautiane mno. Kinapopanda nchi kavu, kimbunga hukatiwa chakula.

Sharti jingine ni kani ya Koriolisi, itokanayo na mzunguko wa dunia. Kani hiyo ni sifuri kwenye Ikweta, na katika nyuzi 6 za latitudo hufikia takriban mbili ya tano tu ya ilivyo katika nyuzi 15. Kwa hiyo ni nadra vimbunga kuundwa ndani ya nyuzi 5, ingawa taifuni Vamei ya Desemba 2001 iliundwa karibu na Singapore, katika latitudo isiyofika nyuzi 2.

Hapa ndipo penye chanzo cha imani kwamba pwani ya Tanzania imo salama. Historia haiiungi mkono imani hiyo kikamilifu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo vya Sultani Barghash. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ikawa mzalishaji mkuu wa karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Kenneth iliingia kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, Jobo ikaikaribia Tanzania Aprili 2021 ikiwa imedhoofika, na Hidaya ikafika Mafia Mei 2024. Matukio haya yote ni ya mwishoni mwa msimu, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuishia Aprili, na yameangukia wakati wa masika, ardhi ikiwa imekwisha kushiba maji.

Jambo hilo hudhihirisha upungufu wa ngazi rasmi za ukali. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kituo cha Réunion hupima kwa kasi ya upepo: dhoruba ya tropiki huanzia kilomita 63 kwa saa, na kimbunga kilomita 118. Ngazi hizo hazipimi mvua. Mwaka 2023, Freddy ilikuwa imeshapoteza upepo wake mkali ilipofikisha mvua zake kusini mwa Malawi, ambako zaidi ya watu 1,000 walikufa au kutojulikana walipo. Hidaya nayo ilidhoofika upesi ilipogusa nchi kavu. Hata hivyo, mafuriko yaliyofuata yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Kilwa.