Fukusi, Mdudu Anayeuawa kwa Kiu

Je, wajua kwamba fukusi huishi ndani ya mahindi makavu bila tone la maji, na bado njia nzuri ya kumwangamiza ni kumuua kwa kiu?

Kule Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, mahindi ya msimu wa kwanza hupandwa Septemba na kuvunwa Januari na Februari, mvua zikingali zinanyesha. Mara nyingi fukusi huwa ameshayaingia yakiwa shambani. Ni mdudu wa milimita 3 hivi, mwenye pua ndefu. Jike hutoboa punje, hutaga yai moja, kisha huziba tundu kwa ute unaoganda. Kwa nje punje ni nzima. Ndani buu linakula. Penye joto, baada ya wiki 5 hivi, fukusi mpya hutoka. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai.

Maji anayapata wapi? Anayatengeneza mwilini, kwa kuunguza chakula kwa oksijeni. Ndiyo siri ya mfuko wa tabaka tatu uliobuniwa Kamerun miaka ya 1980 na watafiti wa huko pamoja na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia. Mwaka 2012, Larry Murdock na wenzake walionyesha, kwa wadudu wa kunde, kinachotokea humo. Wadudu huimaliza oksijeni kwa kupumua, huacha kula, hukosa maji, hukauka. Sumu haihitajiki.

Asiye na mfuko huo ana bidoni. Hata iliyobeba mawese inafaa, ikioshwa kwa sabuni hadi mafuta yaishe na ikakauka kabisa. Ijaze mpaka shingoni, kwa kuwa nafasi tupu ni hewa ya fukusi, kisha kaza kifuniko na usifungue ovyo. Bidoni ya dawa za shamba usiitumie kamwe.

Lakini kwanza kausha. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu, na ukungu mwingine huzaa sumukuvu inayoharibu ini. Ili kujua kama yamekauka, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si udongoni.

Wakati wa mavuno kila mtu anauza, na bei inashuka. Mwenye mahindi makavu yaliyofungwa vizuri halazimiki kuuza siku hiyo, wala kununua chakula kwa bei ya juu miezi michache baadaye.