Mgonjwa wa akili hapaswi kulala mahabusu

Wasomaji wetu walio Uingereza wanauliza jambo moja kwa namna nyingi: ndugu yao amechanganyikiwa barabarani, polisi wamemchukua, kisha wakampeleka hospitali badala ya kituoni. Amekamatwa? Atashtakiwa?

Hapana. Huko England na Wales, Kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 kinamruhusu polisi kumchukua mtu anayeonekana kuugua akili na kuhitaji msaada wa haraka, ampeleke mahali pa usalama ili achunguzwe. Zamani, mara nyingi mno, mahali hapo palikuwa selo, na mtu aliweza kushikiliwa hadi saa 72. Mabadiliko yaliyoanza Desemba 2017 yalishusha muda hadi saa 24, daktari akiruhusiwa kuongeza 12 tu hali ya mgonjwa ikilazimu. Yakakataza pia kabisa kumweka kituoni mtu wa chini ya miaka 18.

Wapo wanaosema chumba ni chumba, alimradi asijidhuru. Si kweli, na sababu imo ndani ya ubongo. Kuna kemikali iitwayo dopamini ambayo, pamoja na kazi zake nyingine, hutupa alama ya “hili ni muhimu, liangalie”. Mwaka 2003 daktari wa akili Shitij Kapur alieleza kwamba katika saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza mawasiliano na uhalisia, alama hiyo hubandikwa ovyo. Mlio wa funguo, kikohozi cha askari, taa inayomulika: kila kimoja kinakuwa ujumbe unaomhusu mgonjwa binafsi. Ubongo hauvumilii ujumbe usio na maelezo, kwa hiyo hutunga maelezo: wananifuatilia, wanataka kuniua. Sasa mfungie mtu huyu selo, avuliwe mkanda, mlango wa chuma ubamizwe, na jirani apige kelele usiku kucha. Hofu humwaga adrenalini, usingizi hukimbia, na kukosa usingizi huzidisha saikosisi. Maelezo aliyoyatunga yamepata ushahidi: kweli amefungwa, kweli anachunguliwa kupitia tundu la mlango. Selo imelisha ugonjwa.

Chumba cha hospitali hukata mnyororo huo. Kwa kawaida kiko kando ya wodi za akili. Samani ni nzito, hakuna ndoano wala kamba, na anayeingia ni muuguzi. Muuguzi huyo pia hupima. Mtu anayepayuka huenda sukari yake imeshuka, au ana maambukizi ya ubongo. Aliyerejea London juzi kutoka Tanga au Kisumu anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, nayo huua haraka. Selo haina maabara.

Kasoro ipo, na ni kubwa: vyumba ni vichache, hivyo wagonjwa husubiri kwa saa nyingi idara ya dharura huku askari wamewasimamia.

Na bado kuna wanaoniambia ni majini, kwamba dawa ya hospitali “itamkasirisha aliyempanda”. Nimechoka kusikia hili. Anayemfunga mgonjwa minyororo, akamnyima chakula na dawa kisha akadai malipo, anamtesa mtu huku ugonjwa unaotibika ukikomaa. Dua ziombwe, lakini kando ya kitanda cha hospitali. Hofu nyingine isiyo na msingi ni ya kuuliza: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulisema.

Ukiwa England, piga 111 uchague namba 2 kwa dharura ya akili. Maisha yakiwa hatarini, piga 999. Taja dawa anazotumia mgonjwa na safari aliyotoka karibuni. Kama Kiingereza kinamshinda, omba mkalimani mapema, na usikubali mtoto wa nyumbani afanywe mkalimani wa mzazi wake.