Usiiache laini nyumbani: mawaidha ya mama anayepeleka Wakenya Dubai na Muscat

Kila mwaka ikikaribia Desemba, wateja wetu wengi hutuuliza swali lile lile: "Nasafiri nje, pesa zangu za simu nitazifanyaje?" Safari hii tuliona tusijibu kwa lugha ya ofisini. Tukamtafuta mtu ambaye hii ndiyo kazi yake: mama mmoja mwenye ofisi ya safari katikati ya jiji la Nairobi, anayepeleka vikundi vya watu kumi, kumi na watano, Dubai na Muscat. Kuna wanaoenda kununua mzigo, kuna wa fungate, na kuna wanaotaka tu kuona dunia. Alitukaribisha chai, kisha akatuomba tusiandike jina lake, maana stori aliyotaka kuanza nayo bado inamwaibisha.

Ilikuwa mwaka 2011, safari yake ya kwanza Dubai. Wakati huo alikuwa anauza nguo za watoto, na alikuwa ameenda mtaa wa Deira kununua stoki. Laini yake aliiacha nyumbani kwa mdogo wake ili wateja wakipiga wasikose mtu. PIN pia akamwachia, alipe kodi ya nyumba mwezi ukiisha. Kwenye akaunti kulikuwa na shilingi 62,000 na chenji kidogo. Hizo ndizo zilikuwa za kusafirishia mzigo.

Siku ya tatu, kijana akapigiwa simu. Mpigaji alisema yeye ni wa huduma kwa wateja, akataja jina la mwenye laini bila kukosea, akasema laini inafungwa kwa sababu mwenyewe yuko nje ya nchi. Akamwongoza pole pole kwenye menyu. Ingiza namba hii. Sasa andika salio lako tulilinganishe na letu, ile chenji wacha. Sasa weka PIN. Kijana akaweka, na pesa zikaenda.

"Nilikuwa nimekaa juu ya mabunda manne ya nguo, Deira, na sina hata ya kuyatoa pale," anasema. Aliyemwokoa ni mfanyabiashara kutoka Mombasa aliyelala chumba cha pili hotelini. Walikuwa wamejuana siku mbili tu. Mama huyo alimhesabia dirham mkononi na kumwambia, "Chukua mwanangu, tutalipana tukifika nyumbani." Alimlipa kwa awamu tatu. Na mdogo wake? Hakukanyaga kwake kwa miezi kadhaa, kwa aibu.

Tunairudia stori hii kwa sababu ujanja wenyewe haujazeeka. Sisi hatutawahi kukupigia tukuombe PIN, wala kukuambia "uthibitishe" salio kwa kuliandika kwenye menyu. Anayefanya hivyo ni mwizi, hata akilijua jina lako lote.

Siku hizi wateja wake wote husafiri na laini zao. Wanaotumia simu ya laini mbili huweka ya Kenya upande mmoja na ya ugenini upande wa pili. Kabla ya kuondoka anawalazimisha wawashe romingi, yaani huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje, na waulize gharama zake mapema. Wengi hudhani waifai ya hoteli inatosha. Apu itafunguka, sawa, lakini ukitaka kulipa kwa kadi mtandaoni, ile namba ya kuthibitisha mara nyingi huja kwa meseji kwenye laini yako ya Kenya. Kama laini haishiki mtandao, utabaki umekwama. Tena zile namba fupi za huduma kwa wateja mara nyingi hazipatikani ukiwa nje. Andika namba ndefu inayoanza na +254, na uiandike kwenye karatasi. Simu ikipotea, namba iliyo ndani ya simu haikusaidii.

Kuhusu kubadilisha pesa, anatoa hesabu moja ambayo sisi wenyewe tuliinukuu haraka. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.67, leo na kesho. Kwa hiyo mtu akikupa 3.40 dirishani, unajua palepale amekula kiasi gani. Na mashine ya kadi ikikuuliza unataka kulipa kwa shilingi au kwa dirham, chagua dirham. Ile ya shilingi inaonekana rafiki, lakini mara nyingi kiwango chake ni kibaya.

Tahadhari nyingine anaipitia mbio mbio. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi 6. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali kule, kwa hiyo usizibebe bila kibali, hata kama ni za nyanya. Ndani ya metro ya Dubai usile wala usinywe. Faini ni dirham 100.

Tulipomuuliza anachokipenda kule, tulitarajia atataja Burj Khalifa. Wapi! Alitaja abra, mashua ndogo za mbao zinazovusha watu mkono wa bahari kati ya Deira na Bur Dubai. Nauli ni dirham 1, karibu shilingi 35. "Nikimpeleka mgeni kwenye jengo refu anapiga picha. Nikimpandisha abra jioni, ananyamaza," anasema. Waliozoea feri ya Likoni watajiona nyumbani, ila hapa mnakaa wachache, mnaangaliana, na upepo unawapiga usoni.

Lakini moyo wake hasa uko Muscat. Mara ya kwanza aliingia soko la Mutrah, karibu na bandari, akaona shali iliyoandikwa 3.500. Akaruka: rial elfu tatu na mia tano kwa shali! Rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu. Akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Huyu mzee ananiibia." Mzee akainua macho na kumjibu kwa Kiswahili laini cha Unguja: "Sikuibii, binti yangu. Ni rial tatu na nusu." Rial ya Oman hugawanywa kwa baiza 1,000, ndiyo maana bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Shali ilikuwa kama shilingi 1,170.

Alitamani ardhi immeze. Mzee alicheka, akamwita ndani, akamletea kahawa kwenye kikombe kidogo na halua, ile ile tunayoijua Pwani. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa kijana, na wapo wengi kama yeye Muscat, wao na watoto wao. Akamuuliza wa wapi, Mombasa? Aliposikia Nairobi akasema, "Aa, bara," kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Sasa kila kikundi chake kinapitia duka lile. Anawaonya watu wawe na adabu ya ulimi, kwa sababu kule huwezi kujua nani anakusikia.

Yule mdogo wake siku hizi wanafanya kazi pamoja. Ndiye dereva anayewapeleka wateja JKIA, na kabla hajafungua buti atoe mizigo, humgeukia kila abiria na swali moja: "Laini yako umeiacha na nani?"