Uchambuzi wa gesi katika mafuta ya transfoma

Uchambuzi wa gesi katika mafuta ya transfoma ni njia ya kutambua hitilafu ndani ya transfoma kubwa ya umeme bila kuifungua, na mara nyingi bila kuizima. Sampuli ya mafuta huchukuliwa, kisha maabara hupima gesi zilizoyeyuka ndani yake. Njia hii ni muhimu kwa sababu hitilafu isiyogunduliwa mapema inaweza kusababisha moto au mlipuko, na transfoma kubwa haipatikani haraka ikihitaji kubadilishwa.

Chanzo cha gesi

Ndani ya transfoma kuna koili zilizofungwa kwa karatasi, zikiwa zimezungushwa kwenye kiini cha chuma. Vyote huzamishwa katika mafuta yanayozuia umeme kuvuja na kuondoa joto. Mafuta hayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa hidrokaboni. Yakipatwa na joto kali au cheche, molekuli zake huvunjika na gesi hutokea. Kila gesi huashiria jambo fulani:

* Hidrojeni hutokea katika hitilafu nyingi. Ikizidi gesi nyingine kwa mbali, huashiria cheche ndogondogo.
* Methani na ethani huashiria joto lisilo kali sana.
* Ethilini huongezeka kadiri joto linavyopanda, hasa likipita nyuzi 500 za selsiasi.
* Asetilini huhitaji joto la juu zaidi, kama lile la cheche kali za umeme. Hata kiasi kidogo huwapa mafundi wasiwasi.
* Monoksidi kabonia na dioksidi kabonia zinaweza kuonyesha kwamba karatasi inaungua au kuchakaa.

Historia

Mwaka 1921 Mjerumani Max Buchholz alibuni kifaa kinachonasa mapovu ya gesi yanayopanda kutoka kwenye transfoma. Kifaa hicho bado kinatumika, lakini gesi huonekana humo pale tu inapokuwa nyingi. Baadaye kromatografia ya gesi iliwezesha kupima kiasi kidogo sana kilichoyeyuka, kinachohesabiwa kwa sehemu kwa milioni.

Kutafsiri matokeo

Njia mojawapo maarufu ni pembetatu ya Michel Duval wa Kanada, iliyochapishwa mwaka 1974. Hutumia gesi tatu: methani, ethilini na asetilini. Kila moja huandikwa kama asilimia ya jumla ya zote tatu, na nukta inayopatikana huangukia katika eneo la hitilafu fulani.

Kwa mfano, sampuli ikiwa na methani 60, ethilini 120 na asetilini 20, jumla ni 200. Asilimia ni 30, 60 na 10. Nukta hiyo huangukia katika eneo la joto linalozidi nyuzi 700, ambalo linaweza kutokana na kiungo kilicholegea.

Pembetatu haisemi kama transfoma ni nzima au mbovu, kwa kuwa kila nukta ndani yake huangukia kwenye hitilafu fulani. Kwa hiyo hutumika pale tu kiasi cha gesi, au kasi ya kuongezeka kwake, kinapozidi kawaida.

Mipaka ya njia hii

Sampuli moja haitoshi. Transfoma ya zamani inaweza kuwa na gesi nyingi zilizokusanyika kwa miaka bila kuongezeka tena, wakati nyingine yenye gesi kidogo inayopanda kila wiki iko hatarini zaidi. Ndiyo maana vipimo hurudiwa na kulinganishwa.

Sampuli huwekwa katika sirinji ya kioo isiyo na hewa, maana hidrojeni hutoroka kwa urahisi. Asetilini pia inaweza kuvuja kutoka chumba cha swichi ya kurekebisha volteji, ambako cheche ni za kawaida. Aidha, gesi huonyesha aina ya hitilafu lakini si mahali ilipo. Kwa hilo vipimo vingine vya umeme huhitajika.