Makambako: Ukingo wa Ubena

Makambako ni mji uliokaa pembeni kabisa mwa Ubena, nchi ya Wabena. Ukifuata barabara kuu kuelekea Mafinga unaingia Uhehe. Magharibi ardhi inateremka hadi kwenye tambarare za Usangu. Kusini, mwendo wa kilomita 60 hivi, ndiko Njombe. Nchi iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Mvua inayonyesha hapa hugawana njia: maji ya magharibi huingia Ruaha Mkuu, ya mashariki huteremkia Kilombero, kisha yote hukutana tena katika mto Rufiji.

Ukingo huu uliwekwa na vita zaidi kuliko milima. Katikati ya karne ya 19 wenye nguvu katika nyanda hizi walikuwa Wasangu wa ukoo wa Merere. Munyigumba, baba yake mtawala wa Wahehe Mkwawa, aliziunganisha koo za Uhehe, akawasukuma Wasangu na kuibana Ubena, hata kundi moja la Wabena likahamia bonde la Kilombero, ambako wazao wao wangalipo. Munyigumba alifariki 1879. Wakati huo Wahehe walikuwa tayari wanapigana na Wangoni kutoka Songea, vita vya mwaka 1878 hadi 1882, na Ubena iliyokaa katikati ndiyo iliyokanyagwa na pande zote mbili.

Wajerumani walipokuja, kila jirani alichagua upande kwa hesabu zake. Mkwawa aliwapiga Lugalo mwaka 1891, wakaiteka ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, naye akajiua mwaka 1898. Merere, mtawala wa Wasangu, aliungana na Wajerumani, akarudi Usangu. Mwaka 1905, vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilipofika nyanda za juu, ikawa zamu ya Wabena: watu wa mtwa (chifu) Mbeyela walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, ilhali Wahehe kwa jumla hawakujiunga. Baada ya vita, njaa iliua wengi.

Kwa lugha, mpaka huo haushikiki kirahisi. Kibena, Kihehe na Kisangu ni ndugu wa karibu, pamoja na Kipangwa, Kikinga na Kiwanji, na salamu ya “kamwene” inaitikiwa Uhehe na Ubena vilevile. Anayetoka Mafinga kwenda Njombe husikia lafudhi ikibadilika polepole. Hakuna kijiji ambapo Kihehe kinakoma na Kibena kinaanza kwa ghafla. Hali kama hiyo iko Limburg, nchi iliyokatwa mwaka 1839 kati ya Ubelgiji na Uholanzi, huku lahaja ya watu ikibaki ng’ambo zote mbili.

Mji wenyewe ni zao la njia. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande chake kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki mengi, ndicho kinachopanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Hapohapo barabara ya Songea inachepuka kutoka ile ya Dar es Salaam na Mbeya. Njia hizo zilileta wafanyabiashara, na kati yao Wakinga kutoka Makete wamejipatia sifa ya pekee. Majina yao kama Sanga na Mahenge hayakosekani sokoni, penye mahindi, maharage na viazi mviringo.

Mwaka 2012 Njombe ilikatwa kutoka Iringa na kuwa mkoa. Ukingo wa zamani ukarudi kwa sura ya kiserikali: Mufindi ilibaki Iringa, Makambako ikaenda Njombe, na magari yakaendelea kupita kama jana. Kibena nacho hakitishiwi na Kihehe. Kinachokipunguza ni Kiswahili, lugha ya darasani, ya ofisini na ya sokoni, hivyo Kibena kimebakia nyumbani, misibani na vilabuni kwenye ulanzi, pombe ya mianzi.